Ploti ya Shosho au fleti ya ajenti? Tulivyolinganisha nyumba mbili Nakuru kabla ya kulipa dipoziti

Mpwa wangu alipata kazi ya uuguzi hapa Nakuru mwezi wa tano. Alishuka kwenye matatu ya Kakamega akiwa na begi moja, godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, na simu yenye picha za nyumba kumi na moja. Kufikia saa tisa alasiri ya Jumamosi ile tulikuwa tumezizungukia zote. Nne zilikuwa zimeshachukuliwa, mbili hazikufanana na picha zake hata kidogo, tatu zilikuwa mbali mno na kazini kwake. Zikabaki mbili.

Ya kwanza iko Free Area, ndani ya ploti ya mama mzee ambaye wapangaji wote, awe Mluhya, Mjaluo au Mkalenjin, humwita Shosho, yaani nyanya. Nyumba nane za mawe zinatazamana, katikati zimepita kamba za kuanikia nguo, na Shosho mwenyewe anakaa katika ya tisa, pale langoni. Chumba cha kulala, sebule, na jikoni ya kumtosha mtu mmoja aliyesimama wima. Ya pili iko ghorofa ya tatu, Section 58. Vigae vinang'aa, kabati za jikoni bado zinanukia mbao, bafuni kuna maji ya moto. Mwenye nyumba yuko ng'ambo na kila jambo hupitia kwa ajenti mwenye ofisi mjini.

"Anko, ungekuwa wewe ungechukua gani?"

Nilimwambia avisahau vigae kwa dakika kumi. Vigae utavizoea kwa wiki mbili. Utakayeishi naye mwaka mzima ni yule utakayempigia simu bomba likipasuka saa tano usiku, yule atakayeshika pesa zako siku ya kuhama, na yale mliyokubaliana siku ya kuingia, yawe yameandikwa au yamesemwa tu. Tukaketi kwenye kibanda cha chai tukazilinganisha hivyo. Niliyomwambia siku ile, pamoja na machache niliyoyakumbuka baadaye, ndiyo haya.

Pesa za siku ya kwanza

Hapa hapana mjadala mrefu. Tuliandika nyuma ya risiti ya chai:

| | Ploti, Free Area | Fleti, Section 58 |
|---|---|---|
| Kodi ya mwezi wa kwanza | 8,500 | 13,000 |
| Dipoziti ya nyumba | 8,500 | 13,000 |
| Dipoziti ya maji | hakuna | 2,000 |
| Ada ya kuandika mkataba | hakuna | 1,500 |
| Jumla ya kuingia | 17,000 | 29,500 |
| Maji kila mwezi | 400, utumie usitumie | kwa mita |
| Stima | mita moja kwa nyumba mbili | mita yako ya tokeni |
| Taka | ndani ya kodi | 300 |

Tofauti ya kuingia ni 12,500, nayo kwa mtu ambaye hajapokea mshahara wa kwanza ni jiko la gesi na kitanda. Lakini tazama mstari wa stima. Mita moja kwa nyumba mbili maana yake ni kwamba jirani akinunua friji, wewe utaisikia baridi yake kwenye tokeni zako. Nimewahi kuishi hivyo. Kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunahesabiana balbu na pasi kama watoto wanaogawana mandazi. Ukichukua nyumba ya mita ya pamoja, elewaneni na jirani kabla hujaingia: nusu kwa nusu, au kila mmoja anunue kwa zamu, na mwenye friji aongeze kiasi fulani. Mita yako peke yako inakuepusha na ugomvi huo wote. Kabla ya kulipa, nunua tokeni za shilingi 100 kwa nambari ya mita hiyo uone kama zinaingia na kama kuna deni la aliyetoka.

Ile ada ya kuandika mkataba iulize kwa sauti. Karatasi ileile wamewapa wapangaji wote wa jengo, wamebadilisha jina na nambari ya mlango tu. Mpwa wangu aliuliza kwa upole, "Kaka, hiyo 1,500 ni ya kuchapa?" Kijana wa ajenti akacheka, akaishusha hadi 500.

Maneno ya mdomo na kurasa saba

"Hapa kwangu hatuandikiani," Shosho alituambia. "Ukilipa tarehe tano, na usiniletee kelele, tutakaa mpaka uolewe."

Kijana wa ajenti naye alitoa kurasa saba. "Auntie, tia sahihi hapa, hapa, na hapa chini."

Watu hudhani makubaliano ya mdomo hayana sheria nyuma yake. Yanayo. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka wa 2012, kifungu cha 57, inasema kwamba upangaji usiotajiwa muda wala notisi huhesabiwa kufuata kipindi cha kodi. Unalipa kila mwezi, basi ni upangaji wa mwezi hadi mwezi. Kila upande unaweza kuuvunja kwa notisi isiyopungua kipindi hicho, na notisi hiyo inapaswa kuisha siku ambayo kodi hulipwa. Huo mwisho ndio watu huukosa. Tuseme kodi yako hulipwa tarehe 1, na Shosho akupe notisi tarehe 10 Juni. Haiishi tarehe 10 Julai. Tarehe 1 Julai haijatimiza mwezi, kwa hiyo inaangukia tarehe 1 Agosti. Na kwako ni vivyo hivyo: ukitaka kuhama mwisho wa mwezi, usimwambie siku nane kabla kisha udai dipoziti yote.

Kwa mwenye kazi ya kuhamishwahamishwa, hali hiyo ya mwezi hadi mwezi ni uhuru. Ubaya wake ni kwamba uhuru huo ni wa wote wawili. Shosho akipata mjukuu anayetaka chumba, mwezi mmoja tu nawe uko barabarani na godoro lako. Na kodi pia: asiyefungwa na muda anaweza kukuambia kuanzia mwezi fulani ni 9,500, na ukikataa anakupa notisi.

Kurasa saba za fleti zinafunga miezi kumi na miwili. Kodi haipandi ndani ya muda huo kwa sababu imeandikwa. Hiyo ni nguvu. Lakini ukurasa wa nne, mahali ambapo macho huwa yameshachoka, palikuwa na mstari kwamba mpangaji akihama kabla ya mwaka kuisha dipoziti yote inapotea. Nesi aliye kwenye kandarasi ya miezi sita anatiaje sahihi hapo? Tuliomba ubadilishwe: akihama mapema kwa notisi ya miezi miwili, arudishiwe. Kijana alisema lazima amuulize mkubwa wake. Aulize. Mkataba kabla ya sahihi ni mazungumzo, hata kama umechapwa vizuri.

Mistari mingine niliyoipigia mduara kwa kalamu: "mpangaji atagharamia matengenezo yote ya aina yoyote", "mwenye nyumba ataingia wakati wowote", "kodi ikichelewa baada ya tarehe 5 itaongezwa asilimia 10", na "rangi italipiwa na mpangaji anapohama, bila kujali hali ya ukuta". Huo wa mwisho nina kisa nao.

Dipoziti: hapa ndipo watu hulia

Mwaka wa 2016 nilihama nyumba Migosi, Kisumu. Dipoziti yangu ilikuwa 12,000. Ajenti, ambaye simtaji, alinikata 6,500 za rangi, 2,000 za kusafisha na 1,500 za soketi ya jikoni. Nikapewa 2,000 mkononi na kuambiwa nishukuru. Soketi ile ilikuwa imekufa tangu siku niliyoingia. Nilijua, mke wangu alijua, keteka, yule mtunza jengo, alijua. Lakini sikuwa na picha wala maandishi, na keteka aliponiona nikimtazama aliinamia ufagio wake.

Sheria iko upande wa mpangaji kuliko watu wanavyodhani. Wajibu wako unapotoka ni kuirudisha nyumba katika hali uliyoikuta, ukiondoa uchakavu wa kawaida wa matumizi. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ya jua la Kisumu ni uchakavu. Ukuta uliochorwa na mtoto kwa kalamu ya nta kuanzia mlangoni hadi dirishani, hapana, huo ni wako. Vivyo hivyo kioo ulichokivunja, kitasa ulichokipoteza ufunguo, na masizi ya jiko la makaa kwenye dari. (Na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, Nakuru ya Julai, huua watu. Baridi ivumilie kwa blanketi.)

Sasa linganisha. Kwa Shosho dipoziti iko mkononi mwa mtu mmoja, utakayemkuta kwake siku yoyote. Tatizo la Shosho ni kwamba huenda ameshaila. Wenye ploti wengi hutumia dipoziti ya anayeingia kumlipa anayetoka, kwa hiyo utaambiwa, "Ngoja nyumba ipate mtu." Kwa ajenti pesa huenda zipo, ila kuna fomu, kuna fundi wa kukagua, kuna bei ya rangi waliyoipanga wenyewe, na mwenye nyumba aliye ng'ambo ambaye hukuwahi kumwona. Shosho atakucheleweshea. Ajenti atakukata. Mimi kwa kuonja kwangu naona heri kucheleweshewa, lakini hiyo ni hasira ya Migosi inayozungumza.

Dawa ni moja kwa nyumba zote mbili, nayo hufanywa siku ya kuingia kabla godoro halijapita mlangoni. Pita chumba kwa chumba na simu. Fungua kila bomba, washa kila taa, chomeka chaja katika kila soketi, vuta maji ya choo, funga na ufungue kila dirisha. Kila kasoro ipige picha, kisha uzitume picha zote kwa WhatsApp kwa mwenye nyumba au ajenti siku ileile na maneno mafupi: "Nimeingia leo, hali niliyoikuta ni hii." Hata asipojibu, tarehe imebaki. Sinki ya Shosho ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Ile fleti mpya, pamoja na kung'aa kwake kote, ilikuwa na soketi mbili zisizo na uhai na kigae cha bafuni kilicholia kama ngoma ukikigonga.

Ukinyimwa pesa zako bila sababu, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Mimi mwaka ule haikuwapo. Ilianza kusikiliza kesi mwaka wa 2021, Nairobi kwanza. Utahitaji risiti ya dipoziti au ujumbe wa M-Pesa, mkataba kama upo, na zile picha. Asiyekuwa na hata kimoja ataeleza tu.

Jambo dogo juu ya risiti: lipa kwa simu hata kama Shosho anapenda noti. Akikataa kabisa, mtumie ujumbe baada ya kumlipa: "Shosho, nimekupa kodi ya Juni 8,500, asante." Akijibu "sawa mwanangu", una risiti.

Paa, bomba na fundi wa kesho

Katika nyumba ambayo wewe umepanga sehemu tu ya jengo, Sheria ya Ardhi inamwachia mwenye nyumba paa, kuta za nje, mifereji mikuu na sehemu za pamoja kama ngazi na ua. Pia nyumba ya kuishi inatakiwa iwe inafaa kukaliwa na binadamu unapoingia, na iendelee kufaa. Ndani ni kwako: balbu, sinki ulilolizibisha kwa mafuta ya kukaangia, bomba ulilolining'inizia ndoo likakatika. Kwa hiyo ule mstari wa ajenti wa "matengenezo yote ya aina yoyote" unakubebesha kwa sahihi yako mzigo ambao sheria ilimbebesha mwingine. Tuliomba uandikwe "matengenezo madogo ya ndani yaliyosababishwa na mpangaji". Kijana akaandika pembeni kwa kalamu, sote tukatia sahihi fupi hapo hapo.

Kwa vitendo, tofauti ni ya watu. Fundi wa Shosho huja kesho, na kesho ya Shosho ina siku tatu. Lakini ukimkuta langoni asubuhi, umwonyeshe ndoo uliyokinga maji ya paa usiku, atampigia fundi mbele yako. Ajenti ana nambari ya kuripoti na kitabu cha malalamiko, na jambo dogo hutengenezwa upesi. Jambo kubwa, mathalan tangi la paani kupasuka, lazima lisafiri hadi ng'ambo na kurudi. Mpangaji wa ghorofa ya kwanza tuliyekutana naye kwenye ngazi alituambia walikaa siku tisa wakinunua maji kwa mitungi.

Ukiripoti, ripoti kwa maandishi. Maneno ya langoni husahaulika.

Kuna kipengele ambacho ndugu zetu wa Nyalenda na Nyamasaria, kule Kisumu, wangefaa kukijua kuliko sisi wa milimani. Nyumba ikiharibiwa na moto au mafuriko bila kosa lako, ikawa haikaliki, kodi inasimama, yote au sehemu yake, mpaka itengenezwe. Ikipita miezi sita haijatengenezwa, unaweza kuvunja upangaji kwa notisi ya mwezi mmoja. Nimeona watu wakilipia nyumba yenye maji ya magoti kwa sababu tarehe tano imefika.

Maji ya kunywa hayaingii katika mkataba wowote. Maji ya visima vingi vya hapa Nakuru yana floraidi nyingi, madini yanayobadilisha rangi ya meno. Tazama meno ya waliozaliwa hapa. Uliza kama ploti inatumia ya mfereji au ya kisima. Ikiwa ya kisima, weka bajeti ya maji ya kununua, hasa ukiwa na mtoto mdogo.

Lango la saa nne

Hapa Shosho alikaribia kumpoteza mpangaji. Lango lake hufungwa saa nne usiku, na ufunguo uko kwake. Anafunga kwa sababu ya wezi, nami simlaumu. Lakini nesi wa zamu ya jioni hurudi saa nne na robo. Atabisha lango kila wiki akimwamsha mama wa miaka sabini?

Kuishi kwa utulivu bila kusumbuliwa na mwenye nyumba ni haki ya mpangaji, nayo inaanza na kuweza kuingia kwako. Ukilipia nyumba, umelipia na njia ya kuifikia. Fleti ilishinda hapo: kuna bawabu usiku kucha. Ila fleti ilikuwa na ule mstari wa "kuingia wakati wowote". Sheria inamruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua na kutengeneza, kwa wakati unaofaa na bila kukuvurugia makazi yako. Wakati unaofaa hauwi Jumapili alfajiri, nawe uko na kanga. Tuliomba iandikwe notisi ya saa 24, isipokuwa dharura kama bomba kupasuka au moto.

Na wewe pia una upande wako wa mambo haya. Usilete watu wa kukaa ukawakodishia kitanda bila idhini ya maandishi. Usitoboe kuta kwa ajili ya televisheni bila kuuliza. Muziki uwe wa chumbani mwako. Wanyama, uliza, Shosho ana jeraha lake. Wakati ule watu walipopagawa na biashara ya kware, kama mwaka wa 2014, mpangaji wake wa nyumba namba tano alifuga kware bafuni, zaidi ya arobaini, akitarajia utajiri wa mayai. Soko lilipoanguka aliwaacha na akahama usiku. Shosho alitusimulia kisa hicho mara mbili kabla hata hatujaketi, na mara ya pili aliongeza harufu.

Ukichelewesha kodi

Iko siku mpwa wangu ataichelewesha. Kila mtu huchelewesha. Shosho atakuja mlangoni, atauliza habari za mama yako Kakamega, halafu atauliza kodi. Ukimweleza mapema atakungoja hadi mwisho wa wiki. Ajenti hutuma ujumbe tarehe 6, na asilimia 10 imeshahesabiwa. Kwa 13,000 hiyo ni 1,300.

Kisichoruhusiwa kwa yeyote kati yao ni kukupiga kufuli, kung'oa mlango, kukata stima au kuvutavuta vitu vyako. Deni ni deni, na mwenye nyumba ana njia zake: kutuma dalali wa mahakama mwenye leseni akamate mali kwa ajili ya kodi, au kwenda mahakamani ukiwa ungali ndani na hutaki kutoka. Keteka aliyebeba televisheni yako begani si dalali. Piga picha, ita shahidi, nenda kituo cha polisi ukaandikishe.

Na hapa kuna ajabu ambayo nilimweleza mpwa wangu akadhani namtania. Siku ileile tulipita Kaptembwo kumwona rafiki yake anayekaa chumba kimoja cha mabati kwa 2,500, choo cha pamoja, maji ya kuchota. Kisheria, binti yule ana ngao nene kuliko mpangaji wa fleti. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa hizo, mwenye nyumba hapandishi kodi anavyotaka wala hamtoi mpangaji bila amri ya baraza la kodi, na lazima aonyeshe sababu mojawapo kati ya zilizotajwa na sheria, kama kutolipa kodi au kuharibu nyumba. Ukifika 2,501, umetoka kwenye mwavuli huo. Kiwango hicho kiliwekwa zamani, wakati 2,500 ilipangisha nyumba ya heshima. Leo kimebaki kwenye vyumba vya Kaptembwo na Rhonda hapa Nakuru, Obunga na Nyalenda kule Kisumu, ambako wapangaji wengi hawajawahi kusikia kwamba baraza lipo. Wao ndio hung'olewa mabati.

Kama unapanga chumba chenye duka mbele, usichanganye sheria. Nyumba za biashara zina yao, Sura ya 301, na kwa upangaji wa biashara usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, notisi ni angalau miezi miwili, na ukipinga unakwenda kwenye baraza la nyumba za biashara kabla muda wa notisi haujaisha.

Nani achukue ipi

Ukiwa na kazi isiyo na uhakika, akiba ndogo na mdomo mzuri, chukua ploti, mradi mwenyewe umemwona kwa macho na wapangaji wake wawili wamekwambia habari zake. Waulize wanaotoka, wanasema ukweli kuliko wanaokaa. Ukiwa na mtoto wa shule na hutaki kuhama katikati ya muhula, mwaka ulioandikwa una thamani kuliko tofauti ya kodi. Ukiwa na zamu za usiku, lango kwanza, mengine baadaye. Ukiwa mtu wa kuona haya kudai chako, usipange kwa jamaa wala kwa rafiki wa jamaa. Chukua fleti yenye ajenti umgombeze bila kumkosea mtu heshima.

Nyumba nzima yenye ua wake Milimani sikuilinganisha. Anayeiweza ana wakili.

Mimi nilimshauri fleti, baada ya mistari ile minne kurekebishwa. Ajenti alikubali miwili, ule wa matengenezo na ule wa notisi ya saa 24. Kuhusu rangi na kuhama mapema, mkubwa alikataa kwa simu. Mpwa wangu alinyamaza kidogo, akasema, "Anko, turudi kwa Shosho."

Tulimkuta akichambua sukuma wiki. Mpwa akachutama karibu naye, akaanza kumsaidia kabla hajasema neno, jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alimweleza zamu zake. Akaomba ufunguo wake wa lango, akaahidi kwamba hatampa mtu na ataufunga nyuma yake kila akiingia. Akaomba pia yaandikwe, "si kwa kukushuku, Shosho, ni kwa sababu mimi husahau."

Yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari, nusu ukurasa, kwa kalamu ya bluu. Majina na nambari za vitambulisho. Kodi 8,500, kila tarehe tano. Dipoziti 8,500, itarudishwa ndani ya wiki mbili baada ya kuhama, ikikatwa tu gharama ya alichovunja. Notisi mwezi mmoja kamili kwa kila upande. Kodi isipande kabla ya mwaka. Sinki ina ufa, imepatikana hivyo. Funguo tatu: mlango, chumba, lango. Stima nusu kwa nusu na namba nne, wala hakuna mwenye friji.

Nilitia sahihi kama shahidi. Shosho aliisoma akiwa ameisogeza mbali na macho, akaisoma tena, akaomba kalamu. Chini kabisa, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma shule ya wamishonari, akaongeza mstari wake mmoja: NA ASIFUGE KWARE.